Nikikataa Kurithiwa

Watu wa Voi walinisifu kwa Kiingereza changu, nami mjinga nikaamini. Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa stesheni, kijana wa soksi ndefu na kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Debe tupu haliachi kuvuma. Mtu akinisalimu kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, nilimjibu kwa Kiswahili, na akinisalimu kwa Kiswahili nilichomeka neno la Kiingereza ili ajue anaongea na nani. Nikimkumbuka kijana yule natamani kumzaba kofi.

Kulikuwa na wakili mmoja Mzungu aliyekuja kwa gari la moshi kutoka Mombasa kila korti ilipokaa. Akimaliza kesi zake alikaa kwenye veranda ya gesti akingoja gari la kurudi, na wananchi wakamwendea na maswali yao. Mbuzi akila mahindi ya jirani, ni kesi ama si kesi? Mtu akifukuzwa kazi kwenye mashamba ya katani, apewe barua gani? Alijibu bila malipo, ila kila mtu swali moja tu, maana gari halimngoji mtu. Kiswahili chake kilikuwa cha kumwagiza mpishi mayai. Basi kazi ya kutafsiri ikawa yangu, na niliipenda kupita kiasi.

Siku moja akatokea mama mdogo, mdogo wake mama yangu mzazi, kutoka Mwanda, kwetu mlimani. Alinikuta stesheni, miguu mitupu imejaa vumbi jekundu, kuku kwapani, akaanza kunieleza shida yake mbele ya makarani wenzangu. Mmoja akacheka. Nikamkatiza: "Mama, hayo utayasema kwa wakili." Akanifuata nyuma mpaka gesti.

Shida yenyewe niliijua nusu nusu, kama mambo ya nyumbani yanavyojulikana. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliopita, akamwachia wavulana wawili na shamba zuri la maharagwe na mahindi. Kaka wa marehemu alikuwa na mke tayari, na kila mtu Mwanda alijua mkono wa bwana yule ulivyo mwepesi. Mkewe alikuwa na pengo la meno mawili. Sasa wazee walitaka bwana huyo amrithi mjane wa ndugu yake, kama ilivyokuwa desturi. Mama mdogo hakumtaka hata kidogo. Lakini shamba likienda, wanawe wangekula nini? Alitakiwa awape wazee jibu Jumapili baada ya kanisa.

Zamu yake ilipofika alisimama wima, akasema neno kwa neno, polepole: "Nikikataa kurithiwa, shamba langu watanyang'anya?"

Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba nilisikia vibaya. Kwamba Kiswahili chake cha mlimani kiliteleza, kwamba alitaka kusema kurithi. Uongo mtupu! Nilisikia kurithiwa, na maana yake niliijua. Lakini niliona haya kumwambia Mzungu kwamba kwetu mwanamke hurithiwa kama ng'ombe, sisi tunaoimba kanisani kila Jumapili. Tena niliona haya aulize huyu mama ni nani kwangu. Basi nikachagua neno safi. Nikamwambia kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba mjane huyu anauliza, akikataa urithi, mali itakwenda kwa nani.

Wakili alishangaa kidogo. "Kwa nini akatae? Akikataa amejitoa mwenyewe. Itakwenda kwa anayefuata. Marehemu ana ndugu?"

"Yupo."

"Basi ni ya ndugu."

Nikamgeukia mama mdogo. "Mama, ukikataa, shamba linakwenda kwa shemeji yako." Nikajiambia ni mamoja, kwani sheria ni sheria.

Alinitazama. "Amesema hivyo?"

"Ndivyo sheria ilivyo."

"Haya," akasema. Akamkabidhi mpishi wa gesti yule kuku, akamshukuru wakili kwa mikono miwili, akaenda zake. Mwezi uliofuata akarithiwa.

Korti iliporudi kukaa, akaja mjane mwingine, Mkamba kutoka upande wa Ndara. Huyu aliletwa na mkalimani wa korti, mzee wa Pwani, kwa hiyo mimi nikabaki kusimama pembeni na kalamu zangu. Swali lilikuwa lile lile. Yule mzee hakutafuta neno moja. Alieleza habari nzima, mume aliyekufa, shemeji, wazee, desturi, bila kupepesa macho, na pale asipoelewa alimgeukia mwanamke na kumuuliza tena. Wakili naye hakucheka wala hakukunja uso. Akajibu kwamba hakuna wa kumlazimisha mjane kuolewa na mtu asiyemtaka, na kwamba akikataa, bado ana haki ya kulima shamba la mumewe kwa ajili ya wanawe. Akiona wazee wanamsumbua, aende kwa bwana shauri wa serikali.

Mungu wangu! Nikaenda kukaa nyuma ya gesti, kwenye kuni za mpishi.

Nilipanda Mwanda wiki ile ile kwenda kumwambia. Nilimkuta jicho limevimba. Akanikaribisha kwa furaha, akachinja, akawaita majirani waje wanione. "Huyu ndiye aliyeniokoa," akawaambia. "Bila yeye ningekataa, na wanangu wangefukuzwa kwenye shamba la baba yao." Wanawake wakanishukuru. Mmoja akaniomba na yeye nimfikishe kwa wakili. Nikala ile nyama, nikalala, asubuhi nikateremka bila kusema kitu. Hiyo nyama naionea aibu kuliko hata uongo wenyewe.

Ulipita mwaka na zaidi. Nilimpelekea sukari, nikampelekea blanketi, naye akazidi kuniombea dua. Alikuwa amezaa mtoto wa kike kwa yule bwana. Siku moja tulikuwa wawili tu, tunapukuchua mahindi, nikashindwa kuvumilia nikamwambia yote. Mikono yake haikusimama.

"Kwa hiyo ningekataa, shamba lingebaki langu."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe neno langu hukulielewa?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na alinifungulia yeye mwenyewe. "Nililielewa," nikasema. "Niliona haya."

"Haya ya Mzungu."

"Ya Mzungu. Na ya kuonekana wewe ni mama yangu."

Akaacha mahindi. Akamtazama mtoto aliyelala kwenye gunia.

"Mimi Kiswahili sijui sana," akasema mwishowe. "Lile neno nilifundishwa na mwalimu wa kanisa. Nililirudia njia nzima mpaka Voi, nisije nikakosea nikakuaibisha."