Nilivyobeba Betri hadi Kamembe

Safari hii ilianza kwa ujumbe wa sauti. Dada yangu mkubwa, Maman Zubeda, ni sekretari wa shule ya msingi kule Kamembe, wilayani Rusizi, shule ile ile iliyonifundisha kusoma kabla sijaanza kuhamahama. Yeye ndiye aliyeishawishi kamati ya wazazi inunue seva iliyokwisha tumika, ipige kengele kwa vipaza sauti. Sasa mashine ilikuwa inamwaibisha. "Betri yake imekufa," alisema. "Umeme ukikatika tu, inasahau kila kitu. Madukani huku wananiuzia mbovu. Ijumaa kamati inakutana; isipopona wataiuza, na mimi watanicheka mpaka nistaafu."

Mimi hapa Ngara nafunga sola na kutengeneza kompyuta, na miguu yangu haihitaji kubembelezwa. Nikachagua betri bora ya sola, nzito kama mbuzi aliyeshiba, nikaondoka.

Rusumo, mpakani, afisa wa forodha aliizunguka betri mara mbili. "Mzee, gari lenyewe liko wapi?" Nikamweleza kuwa ni ya kompyuta. Akamwita mwenzake aje naye asikie. Abiria walirudisha saa zao nyuma kwa saa moja, maana Rwanda iko nyuma yetu. Yangu sikuigusa. Nilikuwa naenda siku chache tu. Kwa nini niisumbue?

Baada ya Huye barabara iliingia msitu wa Nyungwe. Betri ilikuwa katikati ya miguu yangu, na kila kona iliegemea kifundo. Ukungu ulipofunguka na mashamba ya chai yakatokea, yale yale ya utotoni, machozi yalinilengalenga. Mama aliyeketi kando yangu aliuliza kama ni betri inayoniumiza. Nikasema ndiyo.

Kamembe, jioni, dereva wa pikipiki alisema atabeba mmoja wetu tu. Nikaipandisha betri, mimi nikafuata kwa miguu.

Yaya, ndivyo nimwitavyo dada, alikuwa langoni mwa shule. Nyuma yake, kwenye mparachichi, bado ilining'inia rimu ya lori, kengele yetu ya zamani, na chini yake alikaa Mzee Gaspari, mlinzi anayeigonga tangu nikiwa darasa la kwanza. Siku hizi huigonga umeme ukikatika.

"Saidi, ile ni kitu gani?" Yaya akauliza.

"Betri uliyoomba."

Yaya akashika kiuno. "Batri ya kamiyo, ya lori kabisa? Minataka pile! Kale kadogo, ka mviringo, kama kifungo ya koti!"

"Ulisema betri, Yaya."

"Minasema betri juu weye uko Mtanzania sasa! Ningesema pile, ungecheka Kiswahili yetu."

Mzee Gaspari alicheka mpaka akashika rimu asianguke. "Muntu anavuka inchi muzima na batri ya kupiga kengele! Nyundo yangu haiombake hata pile."

Kesho yake asubuhi, Ijumaa yenyewe, nilikwenda sokoni na kipima umeme. Kidonge cha kwanza cha pile kilikuwa kimekufa. Cha pili pia.

"Papa, unapima pile kama malaria?" muuzaji akaniuliza. Akaingiza mkono chini ya meza, akatoa kingine. Volti tatu kamili. "Ile nilikuwa naficha juu ya batu bazuri." Yaani kwa ajili ya watu wazuri.

Ofisini nilizima seva, nikachomoa nyaya zake zote za umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe. Nikagusa chuma cha kasha kutoa umeme wa mwilini, ndipo nikafungua. Pile ya zamani haikufika hata volti moja. Nikasukuma kibano, ikaruka. Nikaweka mpya, alama ya kujumlisha ikiwa juu. Nilipowasha, mashine iliamini ni mwaka ambao mimi bado nilikuwa na nywele. Nusura niiache hukohuko. Lakini niliingia kwenye mipangilio, nikaionyesha diski ya kuanzia, nikasahihisha tarehe, na saa nikaisoma mkononi mwangu. Nikachomoa umeme, nikaurudisha: mashine inakumbuka! Yaya akapiga vigelegele.

Dakika chache baadaye, saa tano asubuhi, kamati ilikuwa imeketi uani, na Yaya amesimama mbele yao akiisifu mashine. Kengele ya saa sita ikalia. Madarasa yote yakamwagika. Watoto wakapita katikati ya wazazi wao na mabegi, kwenda nyumbani kula.

Wanakamati wakatazama saa zao. Yaya akautazama mkono wangu.

"Saidi. Ile saa ni ya wapi?"

"Ya... Ngara."

Mzee Gaspari hakungoja kutumwa. Akaigonga rimu kwa ule mlio wa haraka wa kuwaita wachelewaji, na watoto wakageuka langoni, wakarudi mbio. Nami, mtu mzima mwenye upara, nilishtuka nimeshaanza kukimbia nao.

Kicheko ndicho kilichotuokoa. Mwenyekiti alipopata pumzi aliuliza kama mashine yenyewe ni nzima.

"Mashine ni muzima, Papa," Yaya akajibu. "Mugonjwa ni ndugu yangu."

Nikarekebisha saa mbele ya macho yao. Wakaamua seva ibaki, na rimu nayo ibaki, kwa ajili ya siku nitakayopita tena.

Jumamosi nilirudi mikono mitupu. Betri nilimwachia Mzee Gaspari, nikamfungia na paneli ndogo. Inawasha taa ya kibanda chake na redio, na hacheki tena anapoitaja. Nilichojifunza ni kwamba fundi akivuka mpaka aulize kwanza kitu kinaitwaje huko, kisha aulize ni saa ngapi.

Rusumo abiria wote walisogeza saa zao mbele. Yangu, niliyoirudisha nyuma kwa aibu uani pale, sikuigusa. Hapa Ngara nachelewa kila mahali, na mke wangu amechoka kunifunikia chakula. Lakini kengele ya Kamembe ikilia, najua.