Spika za Gari la Sinema

Mume wangu alikuwa na masikio mawili, lakini moja lilikuwa pambo tu. La kushoto lilikufa miaka ile ya mwanzo baada ya Mapinduzi, na kwetu Tibirinzi hapana aliyeuliza limekufaje, maana karibu kila nyumba ilikuwa na lake la kuficha. Ukitaka akusikie, ukae kuliani kwake. Mie nilikaa kulia miaka yote ya ndoa yetu, hata kitandani.

Kabla ya hapo alikuwa mpiga gitaa, tena si wa kubahatisha. Amplifaya yake iliingia Wete kwa boti kutoka Tanga, nzito kama gunia la karafuu, ndani ina taa za kioo ambazo ilibidi uzisubiri zipate moto ndipo ianze kusema. Tangu sikio lilipokufa hakuigusa. Tukaifanya meza ya kuwekea taa ya chemli, na panya wakazitafuna karatasi za spika zote mbili. Sikuisikitikia amplifaya, nilisikitikia mikono yake. Ilikuwa haitulii. Ilipiga magoti, ilipiga ukingo wa sahani, mpaka namwambia, "Bwana wee, hebu niache nile!"

Ikafika zamu ya binti yetu kuolewa. Huyu ndiye aliyekuwa tumboni mwangu mwaka ule sikio lilipokufa. Akamwambia babake, kwenye sikio zima, "Sitaki bendi ya watu. Nataka unipigie wewe."

Siku ya pili tunakunywa chai akasema, "Nikipata spika, nitapiga."

Wallahi nilitaka kupiga vigelegele hapo hapo. Watu walinizoea kama mke wa yule bwana mkimya, na mie nilijua sikuolewa na mtu mkimya. Niliolewa na mtu mwengine, na nilikuwa namtaka arudi.

Tukaenda Wete kwa fundi redio, amplifaya tumeipakia kwenye gari la mizigo, mie nimeikumbatia njia nzima kama mtoto mgonjwa. Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi. Akaifungua, akaipuliza vumbi, akatwambia spika si kuokota tu, lazima zilingane na nguvu ya mashine, ama sivyo utaunguza kila kitu. Akaleta mbili mpya za Dubai, zinang'aa. Mume wangu akapiga nyuzi mbili, akakunja uso.

"Zinalia kama sufuria," akasema.

Fundi akacheka, akaingia uvunguni mwa meza, akatoka na mbili kuukuu, za inchi kumi na mbili, karatasi zake nyeusi hazina hata tundu. Sumaku nyuma zilikuwa kubwa mno. Pembeni zilikuwa na rangi ya kijani iliyobambuka, na kwa nini sijui, ile kijani sikuipenda. Akaziunga. Mume wangu akapiga.

Lo! Sauti ilitoka nene, tamu, imejaa kibanda chote. Aliweka kiganja juu ya sanduku aisikie kwa mkono, akafumba macho, akatabasamu. Nilikuwa na miaka sijaliona tabasamu lile. Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema.

Ndipo fundi akachomeka maikrofoni kwenye tundu la pili. Akapuliza, fuu, fuu. "Hallo. Hallo."

Mlio ule niliujua.

"Umezitoa wapi hizi?" nikamuuliza.

"Gari la sinema la zamani, Bi mkubwa. Lenyewe limeoza, lakini spika zake, mashaallah!"

Mtu asiyekuwepo hataelewa, basi nieleze. Gari lile la kijani zamani lilikuwa likituonesha sinema za bure uwanjani. Kisha mambo yakageuka, sinema zikaisha, sanduku lake la spika likawa la kuitia watu. Lilipita polepole mtaani, na mtu ndani anasoma majina matatu matatu, lako, la babako na la babu yako, usije ukasema aliyeitwa ni mwengine. Hapana aliyekuja kukukamata. Ukisikia jina lako unakwenda uwanjani kwa miguu yako, ukapigwe. Mume wangu alisikia lake tukiwa tunakula. Alinawa mikono, akavua kofia yake ya viua, akavua saa, akaniwekea mkononi. "Weka," akaniambia, "vitavunjika bure." Alirudi keshoye, sikio linatoka maji.

Sasa pale kwa fundi nikamwinamia kuliani, nikamwambia, "Unajua hizi zilikuwa wapi?"

"Nimesikia. Zilikuwa za sinema pia, umesahau? Ulicheka mpaka ukaanguka mkekani."

"Sizitaki nyumbani kwangu. Chukua za Dubai!"

"Mke wangu," akasema, "nimpigie mwanangu harusi kwa sufuria?"

Nikanuna mpaka tukarudi kwetu Chake. Lakini wiki nzima akawa anapiga, na majirani wanasimama barazani kwetu, na yeye anataniana nao, anacheka. Nikajiambia, mwanamke wee, shukuru Mungu, usijitafutie balaa.

Siku ya harusi, baada ya alasiri, watu wa bwana harusi wakaja kutoka Wawi. Mie nilikaa kuliani kwa mume wangu, mlangoni, nusu kwa wanaume nusu kwa wanawake, na nani angethubutu kunihamisha? Alipiga vizuri. Jamani, alipiga! Binti yangu ndani alikuwa analia na kucheka.

Kisha wakataka kuwatambulisha wazee wa pande mbili kabla ya dua. Kwetu mzee haitwi jina moja harusini, ni utovu wa adabu. Huitwa yeye, babake na babu yake. Msemaji wao alikuwa kijana mpole, kanzu imenyooka, hakuwa amezaliwa enzi za gari lile. Akachomeka maikrofoni yake kwenye tundu la pili la amplifaya. Akapuliza, fuu, fuu.

Akaanza na wazee wa Wawi. Majina matatu. Majina matatu. Nikatupa jicho upande wa wanawake. Vijana walikuwa wanazungumza na kupeana halua. Wenzangu wa umri wangu walikuwa wameacha kutafuna. Mmoja alijifunika buibui usoni. Nikanyoosha mkono niuchomoe ule waya, lakini ulikuwa mbali, na miguu ya watu imejaa katikati.

Akamwita baba wa bibi harusi. Jina lake, la babake, la babu yake.

Mume wangu alilaza gitaa chini taratibu. Akavua kofia. Akafungua saa. Akaniwekea mkononi, na vidole vyake vilikuwa baridi.

"Weka," akaniambia, "vitavunjika bure."

Akawapita wazee wa Wawi waliokuwa wamemnyooshea mikono, akatoka uani, akashika njia ya uwanjani.