Hatuchomi, Tunasafisha

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Songea mjini, nilifika kabla mlinzi hajafungua geti, kwa kuwa usiku nilikuwa nimeota nimechelewa. Mkuu wangu, Bwana Mratibu, alinikuta nimesimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye msomi wa hewa? Ingia basi. Hewa haihitaji kiti, wewe utahitaji."

Kazi yetu ilikuwa kukadiria gesijoto za mkoa, zijumlishwe katika hesabu ya taifa ya kila mwaka. Hizo ni hewa zinazozuia joto lisitoke duniani. Hakuna anayepima moshi wa nchi nzima kwa mzani. Unachukua ukubwa wa shughuli, tuseme eka zilizochomwa, unazidisha kwa kigezo, yaani gesi inayotoka katika kila eka. Kigezo kilitoka kitabuni. Eka zilitoka kwa watu, na hapo ndipo nilipokosa usingizi. Hata mbolea, ambayo nayo hutoa gesi, na ambayo zamani chama cha ushirika kingekutajia yote kwa siku moja, sasa biashara huria ilikuwa imeitawanya katika kila duka la pembejeo.

Nikatumwa kijiji cha Maposeni baada ya mavuno. Niliuliza nyumba hadi nyumba: "Mnachoma mashamba?" Wote wakajibu hapana, na moshi ukipanda nyuma ya nyumba zao. Nikayatilia shaka macho yangu, kisha Kiswahili changu, kisha chuo kilichonipa shahada.

Mwishowe nikamwonyesha Mama Ngonyani kwa kidole. "Mama, na ule moshi?"

"Ule? Kuchoma ni kazi ya wahuni, moto ukaingia msituni. Sisi hatuchomi, binti yangu. Tunasafisha."

"Na Mtendaji wa kijiji akiuliza," mumewe akadakia, "tumesafisha kwa jembe!"

Wakacheka. Kisha Mama Ngonyani akaitazama kalamu yangu. "Utaandika ni Maposeni? Mtendaji alishamtoza shemeji yangu mbuzi kwa moto kama huo."

"Sitaandika," nikasema, kabla sijafikiri, jambo ambalo si tabia yangu.

Kuanzia hapo, kila kijiji nilichokwenda, niliuliza, "Shamba mnalisafishaje?" Majibu yakamwagika.

Bwana Mratibu alipoona eka zangu alivua miwani. "Juzi hapakuwa na moto. Leo mkoa mzima unawaka?"

"Nilibadili neno, mzee."

"Wakaguzi watakuja kutoka Dar es Salaam. Watataka majina ya vijiji. Bila majina, huu ni uvumi."

"Nikiyataja, watu watatozwa faini. Na mwakani watatuambia hata kusafisha hawasafishi."

"Bado uko kwenye majaribio, binti. Kukuthibitisha kazini ni kwa sahihi yangu. Unalijua hilo?"

"Nalijua, mzee. Nimeliwaza njia nzima."

Akageuka kufungua dirisha; mimi akilini nikawa nimeshafungasha mizigo na kurudi kwa mama yangu.

"Andika mkoa tu," akasema. "Wakaguzi niachie mimi."

Walipofika wakadai majina kweli. Akawajibu, "Chagueni kijiji chochote, mkaulize wenyewe. Ila neno kuchoma liacheni hapa ofisini." Walirudi jioni na viatu vyeusi kwa majivu, wakaomba maji ya kunawa. Majina hawakuyauliza tena, na mwezi uliofuata nikathibitishwa.

Baadaye nilihamishiwa Tunduru, nikarudishwa Songea, nikahudumu chini ya waratibu wengine, wapole na wakali. Sasa nimestaafu, naishi Ruhuwiko. Vijana wanaofanya kazi hiyo leo huniuliza juu ya vigezo, nami huwaeleza ninavyojua.

Mama Ngonyani hakutozwa faini. Kila mwaka nilipopita kwake alinionyesha mwenyewe alikosafisha, na mahali moto ulipomponyoka. Katika maisha yangu yote ya kazi, tarakimu za Maposeni ndizo pekee nilizoziandika mara moja tu, bila kuzirudia, nikalala.