Kitovu cha Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu alipotapika damu nyumbani kwetu Chanika alikuwa na miaka saba, na ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kwa bandama. Hospitali ya Korogwe wakatuandikia rufaa kwenda hospitali kubwa.

Huko daktari wa upasuaji, dada mwembamba wa rika la wanangu, alinipa shikamoo kwanza ndipo akaeleza. Mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini umeziba. Damu imekosa njia, imejaza bandama na kupasua vimishipa vya kooni. Atachukua kipande cha mshipa wa shingoni mwa mtoto mwenyewe, aunge njia mpya mpaka ndani ya ini. Aliyasema hayo kwa utulivu, kama fundi cherehani anayekuonyesha pa kutia kiraka. Nilimpenda papo hapo, na mimi si mwepesi wa kupenda watu.

Kisha akauliza, "Alipozaliwa, kitovu kilipona vizuri?"

Mkwe wangu, mama wa mtoto, akatazama chini. "Sikumbuki, daktari."

Mwongo! Alikumbuka vizuri. Aliniomba, kwa adabu zake zote, nisikipake kitu. Mimi, mwalimu mstaafu niliyefundisha usafi miaka nenda rudi, nikamwambia asinifundishe kulea, nikapaka majivu na mafuta ya nyonyo. Kikatoa usaha wiki nzima.

"Nilikipaka majivu," nikasema. "Ni mimi."

Daktari hakunikaripia. "Kitovu kikiingia uchafu, ugonjwa huweza kupanda mpaka kwenye mshipa ule ukauziba. Pengine ndiyo chanzo, mama, pengine siyo. Mara nyingi hatujui. Asante kwa kusema."

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Ilipofika adhuhuri nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza mkwe wangu, "Kwa nini hukunitaja?"

"Mama, mtoto akiamka atakutafuta wewe. Ningekuaibisha pale, ungebaki hapa?"

Nimeishi na binti huyu miaka kumi nikimkosoa hata ugali. Sikujua kumbe ananizidi utu uzima.

Alasiri daktari alitoka, kofia ingali kichwani, akasema damu inapita vizuri kwenda kwenye ini. Mkwe wangu alilia. Mimi nilisema alhamdulillahi mpaka sauti ikakauka.

Jioni waliporuhusu tumwone, mtoto alifumbua macho, akaita, "Bibi."

Nikamshika mama yake mabega, nikamsogeza mbele.