Siku Darasa Zima Lilipofundishwa Kusema Pole

Admin, funika jina langu na la shule. Garissa ukikohoa mtaa huu, mtaa wa pili wanakuuliza unaumwa nini.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, watoto wanne, na duka la vifaa vya ujenzi nililoanza na ndoo sita za misumari. Mwaka huu wazazi wamenichagua mwenyekiti wa kamati ya shule wanayosoma wawili wangu. Hapo ndipo kidonda kilipofunguka.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa darasa la sita. Tulikuwa hamsini na mmoja kwa madawati kumi na saba, watatu watatu. Mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye si mtu wa kwetu, alirudi kutoka semina na jambo jipya: kila Alhamisi baada ya chakula, kipindi cha moyo. Unasimama, unasema kinachokuuma, wenzako wanasikiliza. "Hapa hakuna kuchekwa," alituambia. "Hapa ni nyumbani." Nilimwamini. Sijamwamini mtu upesi hivyo tena.

Baba yangu alikuwa akisafirisha mbuzi. Lori likapinduka karibu na Habaswein. Matanga yalipokwisha, hooyo, mama yangu, akanirudisha shule, na Alhamisi hiyo nikasimama. Sisi Wasomali p hutuponyoka, hutoka b. Nikasema, "Mwalimu, tulibata habari baba amekufa."

Yeye ndiye aliyecheka wa kwanza. "Mlibata? Bata wangapi?"

Darasa likavunjika mbavu.

"Sema tulipata."

Nikasema tulibata.

"Tena. Fumba midomo, kisha ipasue. Na useme sentensi nzima, sitaki vipande."

Nikaisema nzima, tena na tena, na kila nilipoirudia baba yangu alikufa upya. Machozi yalipoanza aliniambia, "Mtihani hautakuuliza kama umefiwa. Utakuuliza Kiswahili."

Msichana niliyekaa naye akanishika mkono, akaninong'oneza, "Bole, abaayo." Yaani pole, dada. Mwalimu akamsikia.

"Haya, huyu naye ametuletea bole. Darasa zima, semeni pole."

Wakasema. Pole, pole, pole, kama watu wanaosukuma gari lililokwama, macho yote kwenye ubao. Hakuna aliyenitazama. Na yeye mwenyewe, katika pole zote hizo, hakunipa hata moja.

Tangu siku hiyo nikawa Bata, mpaka nikaacha shule. Hata nilipoolewa, mtu alimwuliza mume wangu kama mahari alilipa ngamia au mayai.

Sasa shule yetu inataka kuanza masomo ya hisia: watoto wajue kutaja uchungu wao, wajifunze kuhurumiana. Jambo zuri, nimelipigania mwenyewe. Mwalimu mkuu akaleta jina la mstaafu wa kulisimamia. Ni yeye.

Wiki iliyopita alikuja dukani kuniomba kura. Hakunitambua. "Mama, watoto wa siku hizi hawana huruma," akaniambia.

"Kweli, mwalimu. Pole kwa safari."

Akatabasamu. "Kiswahili chako kimenyooka. Nani alikufundisha?"

"Mwalimu mmoja hivi," nikamjibu, nikamfungulia soda.

Jumatatu tunamhoji mbele ya wazazi. Kamati tuko tisa, wanne wanamtaka, wanne hawamtaki, kura ya mwisho ni yangu. Swali langu liko tayari. Nitamwomba atamke neno letu la maumivu, xanuun, ambalo sauti yake ya kwanza hutoka ndani kabisa kooni. Hataiweza. Nitamwambia arudie. Kisha nitawaomba wazazi wote wamsaidie.

Nilimweleza yule msichana wa dawati langu, sasa ni mama mtu mzima, muuza maziwa sokoni. Akanitazama sana. "Abaayo, ukimfanyia hivyo, utakuwa mwanafunzi wake aliyefaulu kuliko wote."

Nikamwambia yeye alichekewa neno moja, mimi nilichekewa baba. Lakini sijalala vizuri tangu aseme hivyo.

Wenzangu, mambo ya kusamehe nimeshahubiriwa. Ninachotaka kujua ni kimoja: Jumatatu nikipewa kipaza sauti, nimpitishe, nimkatae kimya kimya, au nimsimamishe kama alivyonisimamisha? Na atakayetaka kunipa pole, aiandike kwa b. Ile ya p niliisikia ikanitosha.