Mektrida na Udongo wa Kuazima

Mektrida wa Kilema alikuwa muuza miche wa aina yake: alipenda kukataa kuuza kuliko kuuza. Alianza kazi hiyo mwaka bei ya kahawa ilipoanguka na watu wakang'oa mibuni, mumewe Sirili akiwa mmoja wao. Wote walitaka kitu kingine cha kupanda, naye akakipanga kando ya barabara pale Kiboriloni, miche imenyooka ndani ya viriba kama watoto wa komunyo ya kwanza.

Sharti lake lilikuwa moja. Mteja alete kwanza udongo wa shamba lake, kiganja kimoja. Mektrida aliulowesha, akauviringisha uwe kijiti, kisha akajaribu kuukunja uwe pete. Ukisambaratika hata kabla ya kuwa kijiti, ni kichanga. Mteja huyo alishauriwa mihogo na karanga. Ukikunjika kidogo ukapasuka, ni tifutifu, achukue anachotaka. Lakini ukiwa pete kamili ya kuvishwa kidole, huo ni mfinyanzi, na aliyefuata parachichi alirudi mikono mitupu.

Masika ya mwaka tisini na sita yalipokaribia, akaja Ronald, kijana wa kupitisha mizigo mpakani Tarakea. Alikuwa amenunua shamba tambarare, kule chini Chekereni, akataka miche arobaini ya parachichi. Alipoambiwa habari ya udongo aliahidi kuuleta Jumatatu. Jumapili akawa kwa mama yake Kilema, na Chekereni ni mbali, na jua la huko halina adabu. Akaona udongo ni udongo. Akachota nyuma ya zizi, chini ya migomba.

Mektrida aliufungua mfuko, akaunusa, wala hakuhitaji maji. Ulikuwa laini, wa hudhurungi, unanukia samadi, na ndani yake mlikuwa na ganda la kahawa.

"Shamba lako liko wapi, baba?"

"Chekereni, mama."

"Huko siku hizi wanalima kahawa?"

Ronald akatazama viatu vyake.

"Huu ni udongo wa kihamba, shamba la migomba la kwetu juu. Umeuazima. Haya, na miche utaipanda ndani ya mfuko huu?"

Ronald aliondoka akicheka kwa aibu, lakini kiburi kilimuuma. Wiki iliyofuata alimtuma dada yake, Kindness, na udongo uleule, safari hii umechekechwa vizuri na kuchanganywa na mchanga kidogo. Mektrida akauviringisha, ukapasuka kwa heshima, akauza miche yote arobaini.

Mvua zikanyesha. Mwezi wa tano Kindness alirudi peke yake, akaamkia shikamoo kwa sauti ndogo, akaungama yote: miche ilikuwa inageuka manjano na kufa. Mektrida hakumkaripia. Kilichomchoma ni kwamba alikuwa amedanganywa kwa udongo uliomlea. Tena, ukweli ambao hakuwahi kumwambia mtu, hajawahi kukanyaga shamba la tambarare. Yote aliyoyajua ya huko yalimfikia kwenye mifuko.

Akamwagiza Ronald ampeleke.

Hatua ya kwanza ndani ya ile mbuga nyeusi ya mfinyanzi, kiatu kilishikwa. Hatua ya pili, mguu ulizama hadi nusu ya muundi, na Mektrida akasimama pale kama mgomba uliokwisha kupandwa. Ronald alimvuta kwa mikono miwili. Mguu ulitoka, kiatu kikabaki. Kijana hakuthubutu kucheka mpaka mama mwenyewe alipoanza.

Akiwa peku upande mmoja, Mektrida aling'oa mche mmoja akamwonyesha mizizi iliyooza. Akamwonyesha na mpunga wa jirani ulivyostawi, migunga, na mpera ulioota wenyewe kando ya mfereji. Hao, alisema, ndio wenyeji wa hapa. Parachichi ni mgeni asiyejua kuogelea.

Ndipo alipoona, juu ya chuguu lililosimama katikati ya shamba, miparachichi mitatu yenye majani mapya yanayong'aa.

"Hiyo niliipanda juu kwa sababu nilichoka kuchimba matope," Ronald alisema.

Mektrida alilipanda chuguu kwa mikono na magoti, akachota udongo wa mchwa, akauviringisha, akaukunja. Ukapasuka.

"Miaka yote nimehukumu mashamba kwa kiganja kimoja," alisema. "Nawe umepatia kwa uvivu. Sijui nikupongeze vipi."

Tangu hapo, kabla ya kumkatalia mtu wa tambarare, alikwenda kuliona shamba lake kwanza, amevaa buti za mpira. Ronald alilima mpunga, akazungushia mapera kwenye mifereji, na chuguu akaliacha na parachichi zake. Zilipozaa, habari ilienea kijijini, na majirani wawili walioishi kwa amani miaka ishirini wakafika kwa mwenyekiti wakigombania chuguu la mpakani, ambalo hapo awali kila mmoja aliapa kuwa ni la mwenzake.