Wawili Katika Mia

Nafundisha hisabati kidato cha sita hapa Dodoma, na kwa miaka mingi jedwali la z lilikuwa kwangu kazi ya kuganga njaa tu. Chukua kipimo, toa wastani, gawa kwa mchepuko sanifu, soma jedwali, uwezekano huo hapo. Mwanafunzi akiuliza maana yake, nilimkatisha: "Andika kwanza, maana itakuja." Lo, ikaja kweli.

Binti yetu alikuwa na miezi minane. Yalikuwa majira ya baridi, upepo wa Dodoma unakata mashavu, na mama mkwe wangu, aliyetoka Kondoa kutusaidia kulea, hakumpeleka mtoto kliniki bila sweta mbili, kofia na soksi. Akapimwa hivyo hivyo. Nani angebishana na mama yule? Uzito ukaonekana mzuri. Mwezi mmoja nikampeleka mimi. Nesi akasema, "Baba, mvue huyo." Nikamvua. Jamani, chini ya sweta zile alibaki mtoto mdogo mno.

"Yuko chini ya hasi mbili," nesi akasema.

"Hasi mbili ya nini?" nikafoka, utadhani yeye ndiye aliyempunguza.

"Ya z, baba. Uzito kwa umri."

Hasi mbili naijua hata usingizini: katika watoto mia, walio chini yake ni wawili na ushee. Nikatazama benchi. Watoto wamejaa, wengi wa kadiri, wachache mabonge, wachache vijiti, na kwa mara ya kwanza nikauona ule mchoro wa kengele ninaouchora ubaoni kila mwaka. Ulikuwa unanyonya, unalia, unacheua. Subhanallah! Watoto wa dunia nzima, hakuna aliyewapanga, na bado wanajipanga vile. Nilistaajabu mpaka nywele zikanisimama, na huku naogopa, maana wangu alikuwa kule mkiani.

Nesi alimchunguza, hakuona ugonjwa. Uji wetu ndio uliokuwa maji matupu. Akatuagiza ulezi mzito wenye karanga, yai, na titi lisikatwe. Nyumbani mke wangu akamwambia mama yake, "Mama, sweta hazishibishi." Mimi nikatazama chini; mkwe hataniwi. Mama alinuna mpaka jioni, kisha akaanza kutwanga karanga mwenyewe.

Mwezi uliofuata tulikwenda wote. Mtoto akavuliwa, akaning'inizwa, mshale ukapanda, nesi akasoma kwenye kadi: hasi moja nukta sita. Kichwani nikasoma jedwali haraka, sasa walio chini yake ni kama watano katika mia. Mke wangu hakutaka namba, alilia huku anacheka. Nami nilitamani kuruka.

Nesi akamwita mama aliyetufuata, msichana mdogo tu. Akampima mwanawe, akasoma, akamwambia kwa upole asubiri pembeni. Hasi mbili na kitu. Pale tulipotoka sisi palikuwa na mtu tayari. Yule mama alikuwa anamvisha mtoto haraka haraka, ameinamisha uso asitazamwe.

Nikakaa karibu naye. "Dada," nikamwambia, "huyu wangu alikuwa hapo hapo."

Alimtazama binti yangu kwa muda mrefu, kuanzia mashavu mpaka miguuni.

"Mnampa nini?" akauliza.